Nimevuta msuli katikati ya msuli: mnaocheza dansi mnapashaje mwili moto?

gego_la_46
Wakuu salaam. Mi niko mwaka wa 3 udaktari wa meno hapa Dar, chuo sitaji maana darasani tuko wachache, nikitaja tu mtanijua. Swali langu ni dogo ila hadithi yake ndefu, mnivumilie.

Tuna kikundi cha kudansi watu watano, tunacheza singeli na amapiano, na mwisho wa mwezi kuna bonanza tunatakiwa kupanda jukwaani. Sasa ratiba yetu ndo shida. Siku za maabara tunakaa kwenye vichwa vya bandia kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 11 jioni, wewe na drili yako na meno ya plastiki, unachonga tundu kwenye gego 46 (la chini kulia, la kwanza, kwa wasiojua namba zetu), kina kinatakiwa kama milimita 2, kuta zinyooke, mkufunzi anakuja anapitisha probu yake (kijichuma cha kupimia) anatikisa kichwa bila kusema neno, anaenda kwa mwenzio, na wewe unajua hapo unaanza jino jipya. Ukinyanyuka shingo imeganda kama imemwagiwa zege. Unakula wali maharage, unakaa kimbweta unajisomea kwa saa moja na nusu, afu saa 2 na nusu usiku ndo mazoezi ya dansi kule kwenye maegesho ya magari.

Jumanne iliyopita nikafanya nnavyofanyaga siku zote, nikakaa chini kwenye sakafu ya baridi nikashika vidole vya miguu nikahesabu mpaka 100, nikajaribu msamba ukaingia nusu, nikaona hapo nimeshapasha. Wakaweka singeli, hata nusu dakika haijaisha nikarusha mguu juu, nikasikia nyuma ya paja kitu kama mpira wa manati umeachia. Usiku huo nimelala na barafu za ukwaju mbili nimezifunga kwenye kanga, rumeti ananiuliza kama nimeanza biashara. Kesho yake kliniki, ambako saivi tunaingia kuwasaidia waliotutangulia, nachechemea mpaka mgonjwa ndo akanipa mimi pole.

Sasa naomba kujua, kupasha mwili moto kwa mtu wa dansi kunakuwaje hasa? Na kule kupooza mwili baada ya mazoezi kuna faida gani, maana mwenzetu mmoja anasisitiza tukimbie mchakamchaka wa kumalizia eti asidi itoke kwenye misuli. Na hii shingo nifanyeje.

mzee_wa_vimbweta
Mdogo wangu cheza disko taratibu usije ukadisko, ukafukuzwa chuo. Hio kozi miaka 5 na sapu zake (mitihani ya marudio) tunazijua. Piga msuli kwanza, yaani soma, dansi ipo tu.

gego_la_46
Mkuu msuli nilikuwa napiga, na msuli wenyewe ndo huo umevutika 😅 bila dansi mi ningeshachanganyikiwa toka mwaka wa 1 kwenye anatomia, niamini.

fizio_wa_kitaa
Pole dada. Kwanza hilo paja kabla hatujafika kwenye dansi. Umefanya vizuri kuweka barafu, dakika 15 mpaka 20 inatosha kila mara, na usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, kanga yako ilikuwa sahihi kabisa muache rumeti acheke. Ila usije ukamruhusu mtu akuchue hapo kwa nguvu na dawa ya moto siku mbili tatu za mwanzo, najua kila hosteli haikosi bingwa wa kuchua, mwambie asubiri. Na msamba weka kabatini. Ukiona weusi mkubwa umetanda nyuma ya paja, au unapapasa unasikia kama kuna shimo, au mguu haubebi uzito, hapo acha kusoma jukwaani nenda hospitali. Kama unachechemea tu na kila siku panakuwa na nafuu, basi nyuzi zimevutika kidogo, hesabu wiki moja mpaka tatu.

Sasa kosa lako. We hukupasha moto, we ulivuta. Hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wengi sana wanavichanganya, hata timu za mpira za mtaani utaona wamekaa duara wanashika vidole vya miguu kabla ya mechi, wote wa baridi. Kupasha moto maana yake joto la misuli lipande kweli, damu iende kule, ule ute wa kwenye viungo uanze kuteleza vizuri, na mishipa ya fahamu ianze kuongea na misuli kwa spidi utakayoitumia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotokea ukiwa umekaa sakafuni unahesabu mpaka 100. Tena mbaya zaidi, ukivuta msuli mmoja ukaushikilia zaidi ya dakika nzima afu hapo hapo unautaka uruke, unakuwa umepungua nguvu na spidi kidogo kwa muda. Yaani umeulegeza afu ukauita kwenye singeli, ambayo ni midundo 200 na kitu kwa dakika! Hata ungekuwa mpira wa manati kweli ungeachia.

Kuhusu asidi. Mwambie huyo mwenzenu, kwa heshima, kwamba hiyo stori ni ya zamani. Ile asidi ya laktiki inayotengenezwa ukicheza kwa nguvu inaondoka yenyewe kama ndani ya saa moja, hata ukikaa unapiga stori. Yale maumivu ya kesho yake na keshokutwa, ambayo yanakuwa makali kati ya saa 24 na 72, yanatokana na vijeraha vidogo vidogo kwenye nyuzi za misuli ambayo haijazoea hiyo kazi, na kupooza mwili hakuyaondoi kwa kiasi cha kujivunia. Faida ya kupooza ipo ila ni nyingine. Ukicheza moyo unapiga mbio na mishipa ya miguuni imetanuka, ukisimama ghafla damu inabaki kule chini, kichwa kinakosa, unaona nyota, wengine wanadondoka kabisa. Kwa hio unashuka taratibu, dakika 5 mpaka 10 mpaka pumzi irudi, na hapo sasa mwili ukiwa wa moto ndo unavuta misuli yako polepole, kila mmoja sekunde 30 hivi. Hicho kipande chako cha kushika vidole hakijakosea kitu, kilikosea saa.

binti_bagamoyo
Nimesoma nikacheka peke yangu. Mdogo wangu mimi nimepita TaSUBa, kile ambacho wazee wa Bagamoyo bado wanakiita Chuo cha Sanaa maana ndo jina kilichoanza nalo mwaka 1981, na nimecheza ngoma za asili miaka mingi kwenye hoteli na harusi na majukwaa ya kila aina. Ngoja nikuulize, ushawahi kuona ngoma zenyewe kabla hazijaanza kulia? Wapigaji wanafika mapema kuliko sisi, wanakoka moto wa makuti makavu, wanazisogeza pale zigeuzwegeuzwe mpaka ngozi ikaze, mtu anagonga anasikiliza, bado, anarudisha. Ukiipiga ikiwa baridi inatoa sauti ya debe bovu. Sasa kama ngozi ya mbuzi aliyekufa zamani inapashwa, ya kwako wewe uliye hai unaipeleka baridi?

Sisi mwalimu wetu alikuwa haruhusu mtu kuingia ngoma moja kwa moja. Tulianza na kutembea tu kwenye duara, kutembea kwa mdundo, mikono inaning'inia. Afu mabega. Afu kiuno, na kiuno hapo sio cha kuonyesha watu, ni duara dogo la taratibu kama mtu anayekoroga uji usishike chini. Ndo unaanza kuongeza. Ukicheza Sindimba ya Wamakonde bila kiuno kupata moto, kesho huinuki kitandani, nakwambia kwa sababu ilinikuta. Na Bugobogobo ya Wasukuma ile ya majembe, unainama unainuka unainama, mtu asiyejua anainamia mgongo, anayejua anakunja magoti na nyonga mgongo unabaki mrefu. Hapo ndo nikawaza habari yako ya kuinamia vichwa vya bandia masaa matatu. Wewe unacheza Bugobogobo mchana kutwa kwa mgongo mbovu afu usiku unashangaa mwili umegoma.

Mimi ningewapangia muziki badala ya mazoezi ya kuhesabu, maana vijana mkihesabishwa mnachoka. Wekeni taarab ya polepole mbili, mnatembea mnazungusha viungo. Afu amapiano, ile iko kwenye 112 hivi, hapo mnaanza kukunja magoti, kuzungusha miguu mbele nyuma kama pendulamu ya saa ya ukutani, kupanda na kushuka kwenye vidole. Afu mnapitia stepu zenu zote kwa nusu spidi. Jasho likianza kutoka kwenye paji ndo singeli iingie. Ikichukua dakika 15 sawa. Kumaliza mnarudi kinyumenyume, singeli, amapiano, taarab, mnakaa chini mnanyoosha. Nani atachoka hapo?

fizio_wa_kitaa
Dada wa Bagamoyo umeua. Mi nimeandika aya tatu, we umesema kwa moto wa makuti. Nyongeza moja tu, ule mguu wa kurusha juu uuingize kwenye kupasha, ila kwa kuupandisha polepole mara 10, wa kwanza usawa wa goti, wa mwisho ndo ufike unapotaka. Mwili unapashwa kwa kile kile utakachoufanyisha.

bdsnairobi
Mimi niko Nairobi na pia nasomea meno, mwaka wa nne, na nadensi pia lakini ya kanisa. Hiyo ya shingo naielewa sana. Kitu imenisaidia ni kufanya yale mazoezi madogo hapo hapo lab bila kungoja jioni. Lakini fizio nakupinga kidogo, watu wakisoma vile umeandika wataogopa kunyoosha misuli kabisa kabla ya kucheza. Nyoosha tu, sekunde 15 au 20, mradi ushapata joto. Kuna stepu zingine bila kunyoosha huwezi kufika.

Halafu swali kwa gego_la_46, mkiwa mazoezi mnakunywa nini? Nauliza tu.

fizio_wa_kitaa
Kweli kabisa, nakubali. Kufupi na baada ya joto haina shida. Nilichokipinga ni ile ya dakika mbili kwenye sakafu ya baridi afu singeli.

gego_la_46
@bdsnairobi mbona umeuliza kama mkufunzi wangu 😂 tunakunywa zile enaji za kopo, moja moja kila mtu, tunanywa kidogo kidogo mpaka mazoezi yaishe.

bdsnairobi
Nilijua. Na wewe ni daktari wa meno wa kesho! Kidogo kidogo ndo mbaya kuliko kumaliza kopo mara moja, kila funda unashusha pH mdomoni chini ya 5.5 (ikishuka asidi imezidi) na enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, inaanza kuachia madini, kabla mate hayajarudisha umeshaongeza funda lingine. Na mkidensi mnapumulia mdomo, mate yenyewe yamekauka. Kunyweni maji buda. Na kama umekunywa hiyo kitu usikimbilie mswaki, suuza na maji, ngoja kama nusu saa au saa moja.

gego_la_46
Hii nimeisoma kabisa na nikaijibu kwenye mtihani, nikapata. Aibu naiona mimi.

dokta_chonge
Nimechelewa kuingia ila nimeona shingo haijajibiwa, na ndo kitu pekee hapa nnachokijua maana dansi mi sijui hata kidogo, kwenye harusi yangu nilitembea tu.

Mdogo wangu, mi niko kazini mwaka wa 7 sasa na ninachokujibu ningeambiwa mwaka wa 3 ningemshukuru mtu. Madaktari wa meno wengi wana shingo na kiuno kibovu na wengi wao yalianza chuoni, sio uzeeni. Kichwa cha mtu mzima ni kilo 5 hivi, kikiwa wima kimekaa juu ya uti wa mgongo hakina neno, ukikiinamisha mbele kinabebwa na misuli ya nyuma ya shingo, na kadiri unavyoinama ndo mzigo unazidi. Jitahidi usipite digrii 20 hivi. Utasema nitaonaje gego la nyuma? Sogeza mgonjwa, usijisogeze wewe. Hilo ndo kosa la kila mwanafunzi, kiti kina vitufe vinne mtu hajagusa hata kimoja, amejikunja kama samaki wa kukausha anamhurumia mgonjwa asimsumbue. Mlaze. Mdomo wake uwe usawa wa kiwiko chako. Mwambie geuka kwangu, inua kidevu. Meno ya juu tumia kioo, najua kuchonga kwa kutazama kwenye kioo mwanzoni ni mateso, mkono unaenda kushoto jicho linaona kulia, ila wanaokikwepa kioo mwaka wa 3 ndo hao nawaona saivi wamevaa kola ya shingo.

Kukaa, kama unatumia mkono wa kulia, unazunguka kati ya namba 9 na 12 ukichukulia kichwa cha mgonjwa ndo katikati ya saa na 12 iko nyuma ya utosi wake. Angalia nasema NAMBA iliyoandikwa kwenye saa, sisemi saa tisa yetu, maana saa tisa yetu mshale uko kwenye 3 na utajikuta upande wa pili wa kiti. Msicheke, darasani kwetu kuna mtu alienda kukaa huko, akamkalia msaidizi.

Afu kila ukimaliza jino moja, sio siku nzima, jino moja, weka drili chini. Rudisha kidevu nyuma kama unayetaka kujitengenezea kidevu cha pili, mara 5. Banisha mabega nyuma kama unabana penseli katikati ya mgongo, mara 5. Fungua vidole, zungusha vifundo. Sekunde 30 zimeisha. Na punguza kuikaba hiyo drili, inazunguka mara laki 3 na zaidi kwa dakika, yenyewe ndo inakata, haihitaji nguvu zako. Ukiona vidole vinakufa ganzi usiku usinyamaze.

Kwa hio kwa hesabu yangu, kupasha kwako kwa dansi kunaanzia saa 8 mchana pale maabara. Ukifika maegesho saa 2 na nusu umeshakauka, hizo dakika 15 za dada wa Bagamoyo zinaenda kuzima moto mwingine.

binti_bagamoyo
Dokta kumbe kung'oa meno na ngoma ni kitu kimoja. Na mkiwa mnang'oa mnasimamaje?

dokta_chonge
Miguu imeachana, magoti yamelegea, nguvu inatoka mwilini sio kwenye kifundo cha mkono. Na tunalisukasuka jino taratibu tukitanua tundu, hatuvuti, anayevuta anavunja mzizi. Mkufunzi wetu alikuwa anatwambia cheza nalo.

mzee_wa_vimbweta
Haya sasa hata kung'oa jino mmeshafanya ngoma. Nchi hii.

gego_la_46
Wakuu nimerudi, wiki tatu kasoro. Mrejesho kama nilivyoahidi kule PM kwa fizio.

Paja limepona, wiki ya kwanza nilikaa pembeni nikawa DJ, ya pili nikarudi na taarab na amapiano tu, singeli nimeanza juzi na mguu nimeupandisha kidogo kidogo mpaka ukafika, haukulia kitu. Wenzangu mwanzoni waliguna, "tumekuja kudansi sio kutembea tembea kama tuko mnadani", ila mmoja wao goti lilikuwa linamsumbua toka mwaka jana na sasa kanyamaza, ndo amekuwa wa kwanza kuweka taarab. Shida ni moja, wapita njia wanadhani kuna kitchen party pale maegesho, kuna mama alisimama akauliza bibi harusi yuko wapi. Enaji tumeacha, tunabeba dumu la maji la lita 5.

Shingo ndo inanishangaza. Dokta hicho kidevu cha pili nakifanya kila jino, mara ya kwanza darasa zima walinitolea macho, saivi benchi letu lote tunafanya, ukituangalia kwa nyuma tunafanana na kuku wanaokunywa maji. Jioni bado nachoka lakini zege halipo.

dokta_chonge
Safi sana. Na lile gego 46 lenyewe?

gego_la_46
Limepita dokta! Kapitisha probu, hajatikisa kichwa, kaandika sahihi kwenye logibuku kaondoka. Saivi niko kwenye 36 la upande wa pili, na hilo nalichonga kwa kioo.

dokta_chonge
Na mkono unaenda upande gani?

gego_la_46
Usiulize.